Mtaa wa Kushonwa

1

Sahani ilirudi tupu.

Bi Sikudhani aliitazama mara mbili, maana macho ya mtu mzima hayaaminiki. Akainua kawa, akachungulia, akaligeuza na lile kawa lenyewe kana kwamba kuna kitu kimejificha kwenye ukili. Hakuna. Si andazi, si embe bichi, si hata chumvi ya kufungwa kwenye karatasi. Alipeleka wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani imejaa pomoni, ikalala kwa mgeni usiku kucha, halafu ikarudi kama ilivyotoka dukani.

"Mwantumu," akamwita wifi yake. "Njoo uone maajabu."

Mwantumu alitoka ndani nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, msusi wake akimfuata nyuma na kitana.

"Labda kwao hawana desturi hiyo," alisema.

"Kwao wapi? Mwenyewe amesema Tukuyu. Mtu wa Tukuyu akose ndizi mbili za kurudishia sahani? Kule ndizi zinaota mpaka kwenye mfereji."

"Basi mchoyo."

"Mchoyo huosha chombo kwa maji. Hebu nusa."

Mwantumu akanusa, msusi akanusa, na mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akipita zake, naye akanusa. Majivu. Sahani ilikuwa imesuguliwa kwa majivu makavu. Na mwenye kuisugua ana bomba la maji hatua chache tu kutoka mlangoni kwake.

Kwa nini, basi? Swali hilo halikuhitaji kutumwa, lilijiendea lenyewe. Nyumba ya Bi Sikudhani pale Ngamiani, Tanga, haikuwahi kuwa na watu wachache. Kulikuwa na wifi, wapangaji, wateja wa msusi, wacheza karata wa barazani, na wale ambao hakuna aliyekumbuka tena walikuja kwa nani. Kabla ya chakula cha mchana kila mmoja alikuwa na jibu lake kuhusu mgeni. Mmoja alisema ni mchawi, maji na uchawi haviivi chungu kimoja. Mwingine alisema ametoroka mume. Bi Sikudhani aliyasikiliza yote, akayapenda yote, akayachukua yote kwenda nayo uani.

Mlango wa mbele wa nyumba ile ulitazama Ngamiani. Mlango wa nyuma ulitazama ua wa mtaa, na ua haukuwa Tanga. Ulikuwa wapi hasa, hakuna aliyejali. Ulikuwa na mbingu juu, sakafu ya saruji, bomba moja na milango sita. Kutoka mlango wake mpaka mlango wa binti yake Zuwena zilikuwa hatua za kuhesabika kwa vidole, naye Zuwena alikuwa Mpanda, upande wa pili wa nchi. Masatu kinyozi alitoka na kiti chake Musoma, akawanyolea watu uani. Mzee Kapufi, mwenyekiti wa ua, alikuwa Sumbawanga na kikohozi chake. Mlango mkuu ulikwenda sokoni na hospitali. Mlango wa sita ulikuwa wa marehemu mmoja ambaye hakuwa na mtu, ukakaa umefungwa mpaka alipotokea huyu mgeni, Mama Atupele, na kusema ameupata kwa halali.

Huo ndio uliokuwa mshono. Haukumsogeza mtu wala nyumba. Ulichukua kizingiti hiki na kile ukavikutanisha, kama fundi anavyokutanisha pindo mbili za nguo, na mashine waliyoiita sindano, isiyozidi jiko la mkaa kwa ukubwa, ikafungiwa chini ya kifuniko cha chuma katikati ya ua kushikilia nyuzi zisilegee. Watu walikuwa wameishi hivyo tangu Zuwena hajazaliwa. Barabara zilikufa polepole bila mtu kuziombolezea.

"Shikamoo, mama," alisema Masatu, mkono wake na wembe ukiwa juu ya kisogo cha mtu.

"Marahaba. Masatu, wewe umewahi kuingia kwa Mama Atupele?"

"Mimi? Hata kichwa cha mwanawe sijakiona. Akija kuteka maji anafungua mlango kiasi cha kupita ubavu."

"Na hewa inayotoka humo umeisikia?"

Masatu akasimamisha wembe. "Ya moto."

"Tukuyu," Bi Sikudhani alisema taratibu, "mvua inanyesha mpaka watu wanaanika nguo jikoni."

Mara mlango wa sita ukafunguka, na Mama Atupele mwenyewe akatoka na ndoo. Mwanamke mwembamba, mrefu, miguu yake ina vumbi jeupe mpaka magotini. Akasalimia kwa adabu zote.

"Vipi mvua huko nyumbani, shoga?" Bi Sikudhani alimuuliza kwa sauti tamu.

"Bado, dada. Tunamwomba Mungu ailete."

Akateka maji, akarudi, mlango ukafungwa. Masatu na Bi Sikudhani wakatazamana. Yule mteja naye akageuza shingo na sabuni yake ili asipitwe.

"Haya," alisema Bi Sikudhani. "Mtu wa Tukuyu anaomba mvua."

2

Maneno yale yalifika kwa Mzee Kapufi yakiwa yamenenepa. Yeye aliambiwa kwamba mlango wa sita umekaliwa na mtu wa jina la uongo, mwenye maradhi ya kuchukia maji, anayeficha watu ndani. Mzee akakohoa, akafikiri, akampigia mkaguzi wa Idara ya Mishono.

Bi Sikudhani alipopata habari kwamba mkaguzi anakuja kesho yake, aliona ni sawa kabisa. Wiki ile maji ya bomba yalikuwa yakitoka kama machozi ya mtu anayejikaza. Na kuna jingine, ambalo hakulitania na mtu.

Mlango wa Zuwena ulikuwa umeanza kugoma.

Mwanzo ulikuwa mzito tu, kama mbao zilizovimba. Asubuhi ile Bi Sikudhani alikwenda na uji wa ulezi, akabisha hodi, akasikia sauti ya mwanawe ikimjibu kutoka mbali, kama mtu anayesema ndani ya mtungi.

"Mama, nasukuma. Haufunguki."

"Kaa mbali nao. Usisukume na tumbo hilo."

Akausukuma yeye. Ulipofunguka ulifunguka wote kwa ghafla, akajikuta ndani kwa Zuwena akiwa amemwaga nusu ya uji. Zuwena alikuwa amekaa kitandani, miguu imemvimba, tumbo limeshuka. Mumewe alikuwa kazini kwenye mashamba ya umeme wa jua, hana likizo mpaka mwisho wa mwezi. Daktari alikwishawaambia kwamba mtoto amekaa vibaya, na uchungu ukianza asingoje kitu chochote, avuke uani aingie mlango mkuu moja kwa moja hospitali. Njia nyingine haikuwepo. Hospitali ya karibu kwa ardhi ilikuwa ng'ambo ya pori ambalo zamani lilikuwa barabara.

"Ukigoma siku yenyewe?" Zuwena aliuliza. Hakulia. Aliuliza tu, na hilo lilimchoma mama yake kuliko kilio.

Bi Sikudhani alitoka mle akiwa na hasira zinazotafuta mwenyewe. Akasimama uani, akatazama huku na huku, na ndipo alipouona mpira wa maji. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya saruji, umelazwa kwenye ufa wa sakafu kwa ustadi wa mtu aliyekusudia usionekane. Ulianzia nyuma ya bomba, ukapita pembeni ya ukuta, ukaingia chini ya mlango wa sita. Akaukanyaga. Ulikuwa unatetemeka kwa maji.

Basi yule yule mwanamke aliyewafundisha watoto wa nyumba nzima kupiga hodi mara tatu na kuondoka wasipojibiwa, akaushika mlango wa watu na kuusukuma bila kusema neno.

3

Joto lilimpiga usoni. Halafu mwanga.

Hakikuwa chumba. Ulikuwa mlango uliosimamishwa ndani ya jengo lisilo na paa, na nje ya jengo kulikuwa na nchi nyeupe, kavu, yenye miti ya miiba. Mpira wa maji ulitambaa ukaishia kwenye pipa. Pembeni ya pipa walikuwa wamekaa watu. Wazee, kina mama, watoto, madumu yamepangwa mbele yao, na hakuna aliyekuwa akisukumana wala kupiga kelele. Bi Sikudhani, mtu wa umati, aliogopa umati ule kwa sababu ya ukimya wake.

"Umeingia bila hodi," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Mama Atupele, ameshika kikombe cha kupimia maji.

"Na wewe uliingia ua wetu bila hodi. Hapa wapi?"

Mwanamke yule alimwangalia kwa muda kama anayepima kilichobaki cha kuficha. "Igandula."

Jina hilo Bi Sikudhani aliwahi kulisikia. Lilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyofumuliwa. Idara ilisema watu ni wachache, sindano yao inahitajika kwingine, basi ikang'oa sindano na kwenda nayo. Habari ilitangazwa siku moja, watu wakasema pole, wakaendelea na karata.

"Walipotufumua kisima kilikuwa na maji," alisema yule mwanamke. "Kikakauka. Tulituma vijana wafuate barabara ya zamani." Akaonyesha kwa kidevu mahali ambapo miiba ilikuwa imeota kwa mstari ulionyooka. "Hawajarudi. Mimi jina langu Nyamizi. Nilikuwa msaidizi wa fundi mshono, nilibaki na vifaa vyake. Nikatafuta uzi wenye mlango usio na mwenyewe. Nikaupata wenu."

"Na binti yangu?"

Nyamizi akainamia kikombe chake.

"Nakuuliza. Mlango wa binti yangu unagoma. Unajua sababu?"

"Uzi haulemewi na umbali tu, dada. Unalemewa na kinachopita. Kila ndoo, kila mtu. Na uzito ukizidi, uzi mrefu kuliko wote ndio hukatika kwanza. Wa Mpanda."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Unamwona kila siku na tumbo lake, unamwambia pole mwanangu, na unajua."

"Ndiyo."

Bi Sikudhani alitafuta tusi. Alikuwa na akiba ya matusi tangu ujana wake, na siku hiyo hata moja halikuja. Akageuza kibao. "Na wali wangu ukala."

"Nilionja. Waliokula ni hao." Watoto wawili watatu walimtazama Bi Sikudhani kwa heshima iliyomkera. "Sahani nilisugua kwa majivu. Maji tunayoiba hatuoshei vyombo."

Angeweza kuwa anadanganya tena. Hilo ndilo lililomsumbua Bi Sikudhani akiwa amesimama pale, jasho likimtoka. Mtu aliyejiita Mama Atupele leo anajiita Nyamizi, kesho atajiita nani? Je, vijana wale kweli walitumwa? Je, hawa wote ni wanakijiji, au kuna anayeuza maji yale? Alitazama mikono ya Nyamizi, akatazama pipa, akatafuta kosa. Mwanamke wa makamo alikuwa akimlambisha mtoto mchanga maji kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, na alipoona anaangaliwa akamgeuzia mgongo, kama mwizi anavyoficha kitu.

"Kesho anakuja mkaguzi," alisema Bi Sikudhani.

"Nani kamwita?"

Alikuwa na majibu kadhaa. Mzee Kapufi, kwa mfano, na lisingekuwa uongo.

"Mdomo wangu," alisema, akavuka kizingiti kurudi uani.

4

Mkaguzi Kitundu alikuwa mtu wa sauti ya chini na viatu visafi. Alifungua kifuniko cha sindano, akachomeka kifaa chake, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Mtaa mzima ulikuwa umejaa uani. Upande wa Tanga peke yake walitoka watu kiasi kwamba Masatu ilibidi akunje kiti.

"Sindano imechoka," alisema mkaguzi. "Milango minne inapitisha kawaida. Miwili inapitisha kupita kiasi. Wa sita." Watu wakaguna kwa kuridhika. "Na wa Tanga."

Guno likakatika.

"Wa Tanga umefanyaje?" Mwantumu aliuliza.

"Unapitisha watu kama stendi, mama. Tangu miaka mingi, si leo. Uzi ulikuwa umeuvumilia mpaka ulipoongezeka huu wa sita."

Bi Sikudhani alihisi macho ya watu wake mgongoni. Wapangaji, msusi, wacheza karata. Kumbe kila aliyemkaribisha apite uani akatazame, akateke maji, akapige soga na kinyozi, alikuwa akiukanyaga uzi wa Zuwena. Hakuna aliyewahi kumwambia. Au aliwahi, naye alikuwa akiongea.

"Inabidi mmoja kati ya hiyo miwili ufumuliwe," aliendelea mkaguzi, "la sivyo wa Mpanda utakatika wenyewe, pengine leo, pengine wiki ijayo. Sasa, sindano haijui mlango umetoka wapi. Inajua uzito, basi. Anwani tunaziuliza kwa watu. Kanuni yetu ni kwamba mlango usiodhaminiwa na jirani aliyevuka kizingiti chake si mlango wa mtaa. Nani hapa ameshaingia kwa huyu mama?"

Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mikono imekunjwa kifuani. Hakumtazama mtu.

"Hakuna," alisema Mzee Kapufi baada ya kukohoa. "Na jirani asiyeingilika si jirani. Mimi kwangu wameingia wote."

"Kwako tumeingia kwa lazima, mzee, kwa vikao," alisema Masatu. Watu wakacheka. "Sisi kwetu jirani ni yule anayejua jina lako la utani. Huyu hana. Hata sisi hatujamtungia."

"Mmemtungia mengi," alisema Zuwena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kwa kuogopa kuuacha ufunge. "Kila siku nayasikia."

"Wewe mwanangu nyamaza, shauri hili ni lako," alisema mzee. "Ukikatika mlango wako, utasema nini? Mama wa watu tusiyemjua, au wewe tuliyekuona ukiolewa?"

"Kwa idara," alisema mkaguzi, kama mtu aliyechoka kusema jambo lile lile katika kila ua, "mtaa ni milango inayobebwa na sindano moja. Mapenzi hatuyapimi. Narudia. Kuna aliyevuka?"

Bi Sikudhani hakutakiwa kufanya chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Akinyamaza, mlango wa sita unafumuliwa, uzi wa Mpanda unapumua, Zuwena anavuka siku yake salama, na jioni karata zinaendelea barazani kama jana. Maisha yake yote hakuwahi kuombwa jambo jepesi kuliko lile, kufunga mdomo. Akamtazama Nyamizi, akitumaini kuona kiburi, au ujanja, au kitu cha kumrahisishia. Akaona mtu anayehesabu kimoyomoyo, labda ndoo zilizobaki kwenye pipa.

Naye bado hakumwamini.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini, mama?"

"Nimevuka. Nimeingia kwake, nimemkuta na watu wake. Ni jirani."

Mwantumu akamshika kanga. "Wifi, unasema nini? Si wewe uliyetuambia..."

"Niliyowaambia nilikuwa sijaingia."

Mkaguzi Kitundu alimgeukia. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu vya Bi Sikudhani, vile alivyovaa jana na hakuvifuta. Vumbi jeupe lilikuwa limeganda kwenye kanda.

"Hapa pameandikishwa Tukuyu," alisema. "Tukuyu siku hizi kuna vumbi?"

"Dunia imebadilika, bwana mkaguzi."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Bi Sikudhani aliwaza, huyu anajua. Halafu akawaza, labda ni yeye aliyekwenda Igandula kung'oa ile sindano. Halafu akawaza, anasubiri nijikwae. Hata baadaye, alipolirudia jambo hili moyoni, hakuweza kuamua kama siku ile alimdanganya mtu, au mtu yule aliuchagua uongo wake kwa sababu zake mwenyewe.

"Basi wa sita una mdhamini," alisema mkaguzi. "Umebaki wa Tanga. Ni lazima niseme wazi ili asije mtu akalalamika. Nikiufumua, haushonwi tena, foleni ni ya miaka. Na barabara mnazijua. Mwenye nyumba atachagua upande wa kubaki kabla sijakata."

Hapo ndipo watu wa Tanga walipoelewa, na kelele ikaanza. Mpangaji mmoja alisema kodi yake inajumuisha na ua. Msusi alilia kwa sauti. Mwantumu alimvuta Bi Sikudhani pembeni ya bomba.

"Kwa ajili ya yule?" aliuliza kwa kunong'ona. "Hata humpendi."

"Simpendi."

"Unaacha nyumba, unaacha sisi."

"Naacha nyumba kwako. Utaijaza, nakujua. Mwambie yule wa chumba cha mwisho asiniibie sufuria."

"Siku," alisema Mwantumu, kwa jina alilokuwa hajamwita tangu kaka yake afe.

Wakashikana. Kisha Bi Sikudhani aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga mbili, akazungukia vyumba vyote, akawapa mkono watu ambao wengine hakuwajua majina. Akatoka. Nyamizi alikuwa bado amesimama pale pale. Walipopishana, alifungua mdomo.

"Usinishukuru," alisema Bi Sikudhani. "Nakuangalia. Ukinidanganya hata kwa kikombe kimoja cha maji yale, mdomo wangu bado upo."

"Sawa, dada."

"Na mtoto mchanga msimpe maji. Mtafutieni maziwa."

Mkaguzi aliinama kwenye sindano. Hakukuwa na mlio. Mlango wa nyuma wa nyumba ya Ngamiani ulikuwa wazi, Mwantumu amesimama katikati yake na kichwa chake bado nusu na nusu, halafu palikuwa na ukuta.

5

Mlango wa Zuwena ulifunguka kwa kidole.

Waliufungua na kuufunga mara nyingi siku ile kama watoto wenye kitu kipya. Siku ya pili Zuwena alicheka, akalala usingizi mzito wa mchana. Bi Sikudhani alifagia, akapika, akafagia tena. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sauti moja, ya saa ya ukutani. Aliongea na sufuria. Aliongea na saa.

"Mama, umekuja kunikalia kichwani," alisema Zuwena alipoamka.

"Ndiyo. Hebu niambie. Ukuta huu, upande wa pili kuna nani?"

"Upande upi?"

"Huu. Nyumba iliyoungana na hii."

Zuwena akaukunja uso. "Sijui. Pengine hakuna mtu."

"Umekaa hapa miaka mitatu."

"Tunatokea uani, mama, kila mtu na ua wake. Huko mbele nani anapita?"

Bi Sikudhani aliweka mkono juu ya ukuta. Mlango wa uani ulikuwa mwepesi, sawa, lakini alikuwa ameona mlango ukigeuka ukuta mbele ya macho yake, na tangu hapo hakuna mlango wowote wa idara aliouamini. Uzi ukikatika usiku wa uchungu, atampigia nani kelele? Mkaguzi? Kinyozi wa Musoma?

Mlango wa mbele wa Zuwena ulikuwa umezibwa na kabati la nguo. Akalisukuma peke yake, akimkataza mwanawe asiinuke, mpaka likaacha michubuko sakafuni. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Alilipiga kwa mchi likaachia.

Nje kulikuwa na barabara, au mahali pake. Majani yalimfika kiunoni. Nyumba zilipangwa pande zote mbili, nyingi, zimekaribiana kiasi cha kupeana moto dirishani, na katika milango yote ile hakuna hata mmoja uliokuwa na njia ya miguu mbele yake. Lakini sehemu fulani palikaangwa kitunguu. Sehemu fulani mtu alipiga chafya. Mji mzima ulikuwa umejaa watu waliogeukiana migongo.

Alipita kwenye majani mpaka mlango wa pili, akabisha.

"Hodi."

Ndani kitu kikaanguka.

"Hodi humu ndani."

"Nani?" Sauti ya mwanamke, kali, karibu sana na mbao. "Nani huyo huko mbele?"

"Jirani."

"Jirani wa mlango upi? Majirani zangu wote nawajua. Hakuna anayekuja kwa huko."

"Wa ukuta huu," alisema Bi Sikudhani, akaugonga kwa kiganja. "Naitwa Sikudhani. Nina binti hapa mjamzito. Sitaki kitu. Nataka tu ujue tupo."

Alisikia watu wakinong'ona, sauti zaidi ya moja, na akazijua sauti zile hata bila kusikia neno, maana alikuwa amezitumia maisha yake yote. Huyu ni nani, katoka wapi, anaficha nini.

"Subiri," ilisema ile sauti.

Kisha akasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni nyuma ya mlango, taratibu, kwa kukwama na kuanza tena. Alisimama kwenye majani, mikono mitupu, akisikiliza, na kwa masikio yake yote yale hakuweza kujua kama kinaondolewa mlangoni au kinaongezwa.